Ndiyo ya Moyoni na Ndiyo ya Kejeli

Katika mambo yote anayofundishwa mtu aanzapo kujifunza Kiingereza, hakuna linaloonekana jepesi kama kukubali. Kabla hajaweza kuomba maji ya kunywa wala kuuliza bei ya ndizi, amekwisha kujua kutamka "yes". Mtoto wa darasa la kwanza hulijua neno hilo siku ya kwanza, na kuruta aliyefika kambini asubuhi hulitamka kabla jua halijatua. Basi watu wengi hudhani kwamba somo la kukubali limekwisha hapo, na kwamba ugumu wa Kiingereza umo katika tahajia zake na katika vitenzi vyake vya wakati uliopita. Kumbe sivyo. Mwingereza ana namna nyingi za kusema "ndiyo", na baadhi ya namna hizo maana yake ni "hapana". Tena zipo nyingine zisikikazo kama "hapana", nazo ni "ndiyo" iliyo nzito kuliko zote. Asiyezitambua aweza kukaa na wenye lugha hiyo miaka kumi, akashukuru mahali alipodhihakiwa na akakasirika mahali alipoungwa mkono.

Jambo lenyewe si geni kwa msemaji wa Kiswahili. Mama akimkuta mwanawe amevunja chungu cha maji na kumwambia, "Ahsante, baba, umefanya kazi nzuri leo," mtoto hakai kungoja zawadi; hutoka mbio. Mume arejeaye usiku wa manane na kudai kwamba alicheleweshwa na mkutano, akijibiwa na mkewe, "Haya bwana, mkutano," hujua mara moja kwamba mkutano huo haukuaminiwa. Hiyo ndiyo kejeli: kutwaa neno la sifa au la kukubali na kulitumia kinyume chake. Waingereza huiita "sarcasm", neno lililotoka katika Kiyunani, na asili yake ni kurarua nyama. Wayunani wa kale walijua walichokuwa wakisema, kwa maana ulimi unauma kuliko meno. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili haingii katika Kiingereza mikono mitupu. Kejeli anayo kwao. Anachokosa ni kuzijua alama zake pale inapopita mbele yake imevaa nguo za watu wengine.

Yafaa maneno ya Kiingereza ya kukubali yapangwe katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la maneno manyofu, ambayo nje na ndani yake ni mamoja. "I agree", yaani nakubali. "You are right", umesema kweli. "That is true", ni kweli. "Exactly", hasa, ndivyo hivyo. Mtu ayasemapo haya kwa sauti yake ya kawaida, kisha akaendelea kueleza kwa nini anakubali, hapana haja ya kutafuta fumbo ndani yake.

Fungu la pili ni la maneno yenye sura ya kutisha na moyo mwema. "I couldn't agree more", likifasiriwa neno kwa neno, lasema "nisingeweza kukubali zaidi", na mwanafunzi hudhani kwamba mwenziwe amegoma. Maana yake ni kwamba kukubali kwake kumefika kileleni, hapana pa kuongeza. Lakini hapo pana mtego. Atakayesahau kile kikanushi kidogo na kusema "I could agree more" ametangaza kwamba kukubali kwake kuna upungufu. Na atakayebadili neno la mwisho na kusema "I couldn't agree less" amekataa kata kata. Herufi chache zageuza urafiki kuwa ugomvi. Vivyo hivyo "You can say that again" halimtaki mtu arudie alichosema, bali humwambia kwamba alichosema ni kweli tupu, hata kikirudiwa hakitachosha. Na mtu akilalamika juu ya bei ya sukari, akajibiwa "Tell me about it", hakuombwa asimulie. Ameambiwa, "Hayo nayajua, na mimi yamenipata." Mgeni asiyejua huanza upya habari yote ya sukari tangu dukani, naye mwenyeji humtazama kwa mshangao.

Fungu la tatu ndilo la hatari, kwa kuwa sura yake ni njema na moyo wake ni mchungu. "Yeah, right" ni maneno mawili ya kukubali, lakini yakitamkwa pamoja kwa kuvuta maana yake ni "huo ni uongo". "If you say so", kama wasema hivyo, aghalabu humaanisha kwamba msemaji haamini ila amechoka kubishana. "Of course you did", bila shaka ulifanya, laweza kuwa ushahidi wa rafiki na laweza kuwa kofi la shavu. "You don't say!" likisemwa kwa mtu aliyeleta habari mpya ni "Kumbe!" ya kweli, likisemwa kwa mtu aliyetangaza kwamba mvua hulowesha, ni dhihaka.

Husimuliwa kisa cha mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliyekuwa akitoa mhadhara mjini New York. Alieleza kwamba zipo lugha ambamo makanusho mawili huzaa kukubali, lakini hakuna lugha ambamo maneno mawili ya kukubali huzaa kanusho. Kutoka miongoni mwa wasikilizaji, mwanafalsafa Mmarekani Sidney Morgenbesser alijibu kwa sauti ya kuchoka: "Yeah, yeah." Yaani, "Ndiyo, ndiyo." Hoja ya bwana mkubwa ilivunjwa pale pale, tena kwa maneno mawili tu ya kukubali.

Sasa sikio litatambuaje? Alama ya kwanza ni sauti. Msemaji wa Kiingereza atiapo kejeli, mara nyingi hushusha sauti yake, huivuta, hupunguza mwendo, na uso wake huweza kubaki mkavu kana kwamba hana habari. Lakini alama hiyo si moja kwa binadamu wote. Mwaka 2009 watafiti Henry Cheang na Marc Pell, waliofanya kazi nchini Kanada, walilinganisha kejeli ya Kiingereza na ile ya Kikantoni cha China, wakaona kwamba wasemaji wa Kiingereza hushusha sauti, ilhali wa Kikantoni huipandisha. Fundisho lake ni kubwa: anayesikiliza lugha ya ng'ambo kwa sikio la kwao aweza kuikosa alama iliyo wazi kwa wenyeji wote.

Alama ya pili, nayo ina nguvu kuliko ya kwanza, ni hali yenyewe. Neno lipimwe kwa jambo. Mtu aliyemwagiwa chai juu ya shati jeupe akisema "Wonderful", yaani ajabu ya uzuri, hakuna haja ya kuchunguza sauti. Alama ya tatu ni yale yafuatayo. Anayekubali kwa moyo huendelea: hutoa sababu, huongeza mfano, hutaja atakalofanya. Mwenye kejeli hufunga mlango. Akishatamka neno lake hunyamaza, au hugeukia kazi nyingine.

Hasara ya kutojua haya si kuchekwa tu. Katika Uganda, kwa mfano, Kiswahili kimekuwa kwa miaka mingi lugha ya askari, ilhali Kiingereza ni lugha ya mahakama na ya majalada ya ofisini. Basi askari hutembea kila siku na lugha mbili mfukoni. Hebu msomaji amfikirie konstebo mmoja kijana ambaye mkubwa wake hupenda kusema Kiingereza. Konstebo amechelewa zamu kwa muda wa saa nzima. Anasimama wima na kueleza kwamba baiskeli yake ilipata pancha njiani, naye akaisukuma hadi kwa fundi. Mkubwa anaendelea kutazama karatasi zake, na bila ya kuinua macho anasema polepole, "Of course it did." Konstebo anayafasiri maneno hayo kichwani: "Bila shaka ilipata." Moyo wake unatulia. Anapiga saluti, anashukuru, na kutoka nje akiwaza jinsi afande huyu alivyo mwelewa. Hamtafuti fundi aliyeziba mpira ule, wala hamwombi mtu aliyemwona njiani awe shahidi wake. Siku ya tatu anaitwa kujibu shtaka la kuchelewa kazini na kutoa udhuru wa uongo. Wakati huo fundi wa njiani amekwisha hamia soko jingine, na yule aliyemwona hakumbuki ilikuwa siku gani. Pancha ilikuwa ya kweli. Lakini neno la kukubali lilimnyang'anya konstebo nafasi ya kujitetea.

Je, konstebo angefanyaje? Hakulazimika kuwa bingwa wa sauti za Waingereza. Lilimtosha swali moja fupi la adabu: "Shall I bring the mechanic, sir?" Yaani, "Nimlete fundi, afande?" Swali hilo ni zuri kwa sababu lafaa pande zote mbili. Ikiwa mkubwa ameamini, atajibu kwamba hakuna haja. Ikiwa hakuamini, ameonyeshwa njia ya kupata ukweli, na hakuna aliyemkosea heshima. Mwenye shaka juu ya neno asibishane na neno. Na aulize juu ya jambo.

Lakini lawama isimwangukie mdogo peke yake. Kejeli kati ya walio sawa ni mchezo, maana aliyepigwa aweza kurudisha. Kejeli kutoka chini kwenda juu huhesabiwa utovu wa nidhamu. Kejeli kutoka juu kwenda chini ni fimbo, na ubaya wake ni kwamba aliyepigwa haruhusiwi hata kusema ameumia, kwa kuwa maneno yenyewe yalikuwa mazuri. Mkubwa aliyesema "Of course it did" angeweza kusema, "Sikuamini, nithibitishie." Maneno hayo ni makali, lakini ni ya haki, kwani yanampa mtu mahali pa kusimama.

Hata kukubali kwa moyo mweupe kuna shimo lake, na shimo hilo limewameza mashahidi wengi. Mtu akiulizwa kwa Kiswahili, "Hukumwona mwizi?" aweza kujibu "Ndiyo", akimaanisha, "Ndivyo, sikumwona." Huafiki maneno ya muulizaji. Kiingereza hakiendi hivyo. Aulizwaye "You did not see the thief?" akijibu "Yes", msikilizaji Mwingereza hubaki njia panda, na huenda akaandika kwamba mwizi alionekana. Jibu la Kiingereza hufuata tendo: kama hakuona, ni "No". Dawa ni kutoliacha neno moja lisimame peke yake. "I did not see him", sikumwona: sentensi hiyo haigeuki, iwe mbele ya hakimu au mbele ya karani.

Asidhani mtu kwamba wenye Kiingereza wenyewe wameokoka. Kejeli ina ndugu yake wa damu, nayo ni desturi ya kusema kidogo kuliko ilivyo, na desturi hiyo inapendwa sana na Waingereza. Mwezi Aprili 1951, katika vita vya Korea, brigedi ya Waingereza ilishambuliwa kwenye Mto Imjin na majeshi ya China yaliyoizidi kwa idadi mara nyingi. Husimuliwa kwamba jenerali wa Kimarekani, Robert Soule, alipouliza hali ikoje, Brigedia Thomas Brodie alijibu kwamba mambo yalikuwa "a bit sticky", yaani yananata kidogo. Kwa Mwingereza maneno hayo yalikuwa kilio. Mmarekani alisikia kwamba kazi ni ngumu ila inawezekana. Kikosi cha Gloucestershire kilibaki juu ya kilima chake, kikazingirwa, na wengi wa askari wake waliuawa au kutekwa. Ni wachache waliorejea. Mataifa mawili yalikuwa na lugha moja, lakini hayakuwa na mizani moja ya kuipimia.

Kwa ajili ya hatari za namna hiyo, wenye kazi ya simu ya upepo waliitenga "ndiyo" katika vipande vyake. "Roger" lilikuwa jina la herufi R katika alfabeti ya simu za upepo zama za Vita Kuu ya Pili, nayo R ilisimama badala ya "received", yaani nimepokea. Halisemi kwamba aliyepokea amekubali, wala kwamba atatenda. "Wilco" ni mkato wa "will comply", yaani nitatekeleza. "Affirmative" ni ndiyo, jibu la swali. Kupokea, kuafiki na kuahidi kutenda ni mambo matatu. Raia huyachanganya yote katika "OK" moja, lakini askari aliye kwenye simu hana ruhusa hiyo. Jambo la kufurahisha ni kwamba kejeli haipati mahali pa kukaa katika maneno kama hayo, kwa kuwa kila moja lina kazi moja.

Watu walilipa bei kubwa ili kujua thamani ya utaratibu huo. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ukungu ulikuwa umefunika njia ya kurukia. Ndege mbili kubwa za aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan American ya Marekani, zilikuwa katika njia hiyo hiyo. Rubani msaidizi wa KLM alitoa taarifa kwa Kiingereza kwamba sasa wako katika kuruka. Mwongozaji wa ndege, Mhispania, alidhani ndege ile ingali imesimama ikingoja, akaanza jibu lake kwa "OK". Maneno yake yaliyofuata, ya kuwaambia wangoje, yaligongana hewani na sauti ya rubani wa Pan American, yasisikike vizuri. Mhandisi wa ndege ya KLM aliingiwa na wasiwasi, akauliza kama ile ya Pan American haijatoka njiani. Nahodha alimjibu kwa mkazo kwamba imetoka. Ndege zikagongana, na watu 583 wakafa. Hakuna aliyekuwa akifanya kejeli siku ile. Kila mmoja alikubali kwa moyo wake wote. Lakini ile "OK" haikutaja ilichokubali. Baada ya msiba huo taratibu za mazungumzo zilikazwa: neno la kuruka litumike tu pale ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa, na rubani arudie amri aliyopewa badala ya kuitikia tu. Hiyo ndiyo sifa kuu ya kukubali kwa kweli: hutaja jambo lililokubaliwa.

Fundisho hilo halikai viwanjani na makambini tu. Linaingia hadi jikoni. Familia nyingi za askari huishi kwa simu. Tangu Uganda ilipoanza kupeleka askari Somalia mwaka 2007, wake na waume wengi wamelazimika kulea ndoa zao kwa ujumbe mfupi, tena mara nyingi wakichanganya Kiswahili, lugha ya kwao na Kiingereza. Mume anaandika kwamba likizo yake imesogezwa mbele mwezi mmoja. Mkewe, ambaye amekwisha waahidi watoto kwamba baba anakuja na amekwisha mtenga kuku wa siku hiyo, anajibu kwa Kiingereza: "Great. Take your time." Mume anasoma, "Vizuri sana, usiwe na haraka," na kumshukuru Mungu kwa kumpa mke mvumilivu. Mke anaingoja simu ya kubembelezwa, simu haiji. Usiku wa tatu amekwisha amini kwamba hajaliwi. Wote wawili ni watu wema, wala hakuna aliyesema uongo, lakini kati yao pamelala sentensi mbili za kukubali zilizobeba machozi ambayo karatasi ya kioo haikuweza kuyaonyesha.

Kosa hilo ni la binadamu wote. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, wakiwemo Justin Kruger na Nicholas Epley, walichapisha majaribio ambayo ndani yake watu waliwaandikia wenzao kwa njia ya kompyuta, mara kwa dhati na mara kwa kejeli. Waandishi waliamini kwamba wangeeleweka karibu mara nane katika kila kumi. Wasomaji walipatia zaidi kidogo ya nusu tu, yaani karibu sawa na mtu anayerusha sarafu. Sababu ni nyepesi: mwandishi aandikapo huisikia sauti yake mwenyewe kichwani, naye hudhani sauti hiyo imesafiri pamoja na maneno. Haikusafiri. Hata kabla ya hapo, tarehe 19 Septemba 1982, Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipendekeza alama za uandishi zipangwe ziwe kama uso unaocheka, ili wasomaji wa kompyuta wajue lililo mzaha. Siku hizi nyuso hizo zimejaa katika kila simu, lakini nazo zimejifunza kejeli. Wako watu wacheshi kwa uso wa simu ilhali wamekunja uso wao wenyewe.

Polisi nao wanalo la kuwaza. Mwezi Juni 2014, Secret Service, idara ya Marekani inayomlinda Rais, ilitangaza kwamba inatafuta programu ya kompyuta ya kuchunguza maandishi ya mtandao wa Twitter, na miongoni mwa kazi zake ilitakiwa iweze kutambua kejeli. Baadhi ya watu walicheka. Lakini mlinzi asiyejua kutofautisha mtu aungaye mkono uovu kwa dhati na mtu aukebehiye kwa kujifanya kuunga mkono, aweza kumkamata asiye na hatia na kumwacha mhalifu apite. Ikiwa idara yenye uwezo mkubwa namna ile iliona haja ya msaada, basi konstebo asione haya kuuliza mara mbili kabla hajaandika taarifa yake.

Nyumbani, somo hili huwafikia wazazi kupitia kwa watoto. Binti wa sekondari huambiwa na baba yake kwamba enzi zake walitembea maili nane kwenda shule, naye hujibu, "Yeah, right." Baba asiyejua hufurahi kwamba mwanawe amekubali, huku wadogo zake wakiziba midomo. Baba ajuaye hukasirika. Bora kuliko yote mawili ni mzazi atakayemwita mtoto na kumwambia kwa upole kwamba maneno hayo ni ya rika lake, kwamba akiyapeleka kwa mwajiri au kwa mwalimu yatamfungia mlango, na kwamba mtu mzima akisema jambo lisiloaminika, lipo jibu la heshima: "Really? How did you manage?" Kweli? Mliwezaje? Jibu hilo humpa mzee nafasi ya kueleza, na huenda mtoto akagundua kwamba zile maili nane zilikuwepo.

Basi mwenye kujifunza Kiingereza achague vipi? Kwanza, mpaka sikio lake litakapokomaa, akae katika fungu la kwanza. Hakuna Mwingereza aliyemdharau mtu kwa kusema "I agree". Pili, akikubali, ataje anachokubali na atakachofanya: "Yes, I will be there at six o'clock." Ndiyo, nitakuwapo saa kumi na mbili. Na hapo akumbuke kwamba saa ya Kiingereza si saa ya Kiswahili, asije akakubali kwa moyo mmoja na kufika kwa saa mbili mbalimbali. Tatu, kejeli aitumie kwa aliye sawa naye, uso kwa uso, na shabaha yake iwe kitu, isiwe mtu. Wawili walioloweshwa na mvua wakisema "Lovely weather", hali ya hewa ya kupendeza, hawamuumizi yeyote, na mvua haina moyo wa kuvunjika. Nne, pale penye amri, dawa, fedha, silaha au machozi, kejeli ikae nje mlangoni. Na tano, akitilia shaka neno la mwenziwe, aulize. Kuuliza si ujinga.

Kiingereza kitaendelea na michezo yake, na si vibaya kuijua, kwa kuwa anayeijua hachekwi na haumizwi ovyo. Lakini kuijua kejeli ni jambo moja, na kuifanya mazoea ni jingine. Mtu ambaye kila "ndiyo" yake yaweza kuwa "hapana" hatimaye huwafanya watu wamwekee mashahidi hata akisema kwamba kumekucha. Mtu ambaye "ndiyo" yake hujulikana kazini na nyumbani kuwa ni ndiyo, huyo hana haja ya kuapa. Askari wenzake humfuata gizani, na mkewe hulala usingizi.